Mashine Inayodanganya Jioni

9 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ingawa najua hukai.

Huku sote wazima. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, sasa anashuka ngazi bila kuegemea ukuta. Mdogo wangu amepata kazi kwenye duka la dawa na tayari anatusahihisha majina ya dawa hata tukiwa hatuumwi. Baba ana kikohozi chake kilekile. Mimi niko karakanani, tunatengeneza mita za maji zinazojisoma zenyewe na kutuma hesabu kwa redio, na bosi anataka zikaguliwe kabla ya nusu ya mwaka. Nikirudi nyumbani kichwa kinavuma.

Sasa nije kwenye mashine yako ya kutotolesha vifaranga. Tangu nilipoifungia kile kidude cha simu mwezi uliopita, inanitumia ujumbe kila asubuhi kama nilivyoiagiza: joto ni kiasi hiki, kila kitu sawa. Vizuri. Lakini kila jioni, nikiwa navua viatu tu, unakuja mwingine: JOTO LIMEZIDI. Haipiti jioni bila huo. Unakumbuka nilikueleza kwamba ikiona joto limepita kiasi inazima hita na kufungua tundu la hewa kwa nusu saa, ili mayai yasichemke. Kwa hiyo nauliza: umeisogeza karibu na jiko? Jua la jioni linaipiga kupitia dirisha la nyuma?

Ningekupigia, lakini laini yako ndiyo iliyo ndani ya mashine. Nilikuomba ununue laini nyingine, ukasema ya nini, unayo tayari, na watu wote umeshawaarifu wakupate kwa simu ya fundi cherehani. Sawa. Nimempigia fundi cherehani mara mbili. Anapokea, anasema una kazi, kisha ananiuliza mimi naolewa lini.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Kiwaya


24 Februari

Kiwaya wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa pembeni lakini inasomeka. Nimefurahi kwa mguu wa mama yako. Jicho langu lililopasuliwa limepona sawasawa, sasa ni hili jingine linaloona wivu. Fundi cherehani amenunua cherehani ya pili, ya umeme, na ukuta wetu wa pamoja unatetemeka kutwa nzima. Simu yake siipendi. Nikiongea, anapunguza mwendo wa cherehani asikie vizuri. Mambo yangu nitakuandikia.

Mashine sijaisogeza. Iko palepale ulipoiacha, chumba cha mbele, juu ya matofali, mbali na jiko, na dirisha la nyuma nimelitundikia shuka. Na kama unataka kujua, mashine yako ni mwongo. Humo ndani nimeweka kile kipimajoto changu cha kioo cha siku zote. Jioni nikisikia tundu limelia "tak" na kufunguka, navaa miwani, nachungulia. Joto liko chini. Mayai yamepoa, nayo inapiga kelele kwamba yanaungua. Nimeishi na watu wa namna hiyo lakini sikutegemea kutengenezewa mwingine.

Mkupuo wa kwanza umetoka. Zaidi ya nusu ni mayai viza, na waliototolewa walichelewa, wengine kitovu hakijafunga. Mwalimu mstaafu, unamjua, yule mwenye kuku wa madoa ambaye kila mtu hapa anafuata anachofanya, alikuja na boksi kubwa akaondoka na boksi la viatu, na humo ndani nafasi ilibaki. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Ile mashine kabla hujaitia redio ilikuwa inatotoa. Shida yake ilikuwa moja tu, sikuweza kutoka nyumbani hata kwenda kupasuliwa jicho bila kumwomba mtu aikalie. Ndiyo maana nilikubali kidude chako. Na nilikubali kwa sababu nyingine unayoijua vizuri. Baba yako alisimama kwenye kikao cha harusi ya dada yako, mbele ya wakwe, akatangaza kwamba mimi nafunga kazi, nahamia kwake, chumba cha nyuma kimeshapakwa rangi. Hakuniuliza. Nilisikia pamoja na wageni, nikiwa na sahani mkononi. Nusu ya wale wageni ni wateja wangu. Kwa hiyo mashine hii ikishindwa, ile rangi ni yangu.

Usiniletee habari za kikohozi chake. Itengeneze mashine.

Shangazi yako


6 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pole sana kwa mkupuo. Nimeisoma barua yako kazini, nikashindwa kula mchana.

Naamini kipimajoto chako cha kioo. Kioo hakina waya, hakiwezi kusikia redio. Kipimajoto cha mashine kina waya, na hapo ndipo palipo na ugonjwa. Nikueleze. Kile kidude cha simu, muda mwingi kimenyamaza, kinasikiliza tu mnara. Lakini kikitakiwa kujibu, kinapaza sauti, maana mnara uko mbali. Ni sauti ya redio, wewe huisikii, lakini waya mrefu ulio karibu unaisikia. Waya wa kipimajoto ni mrefu na unapita ubavuni mwa kidude, kwa sababu sanduku lenyewe nililibana. Ule ukelele unaingia kwenye waya, bodi, yaani ubongo wa mashine, inaudhani ni joto, inazima hita.

Hilo nililiona mapema, Shangazi, usidhani nilikuletea kitu kibichi. Nililiona mezani karakanani, nikaiagiza mashine: unapotuma ujumbe wako, usipime joto hadi umalize. Na ndiyo maana asubuhi, wakati inanitumia ujumbe, haidanganyi. Kwa hiyo jioni kuna kelele nyingine isiyotoka kwenye ujumbe wake. Inaweza kuwa mota ya kugeuza mayai. Inaweza kuwa ile cherehani mpya ya jirani.

Nakutumia kwa mizigo ya basi pete mbili nyeusi za kuzuia kelele. Zifungue, uzibane kwenye waya wa kipimajoto, moja karibu na bodi, moja karibu na mayai. Halafu chukua ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula, uuzungushie waya huo. Mwombe fundi cherehani apumzishe mashine yake jioni japo wiki moja.

Na swali langu moja, nalo ndilo kubwa: jioni, kabla ya chakula, nini kinatokea karibu na mashine? Chochote. Mtu anawasha kitu, mtu anapita na kitu, kitu kinawaka. Hata kama unaona ni cha kipuuzi, niandikie.

Kiwaya


29 Machi

Kiwaya,

Marahaba. Mimi mzima kwa kadiri mtu mwenye hasira anavyoweza kuwa mzima.

Nimefanya yote. Pete nimezibana. Fundi cherehani nimemwomba, akaniambia ana sare za shule nzima za kushona na jioni ndiyo saa yake ya kazi. Nikamwomba tena. Akazima wiki moja, kwa uso ambao sitausahau. Tundu likawa linafunguka vilevile, "tak", kila jioni. Wiki ilipokwisha akawasha cherehani zote mbili kwa pamoja na hatusalimiani. Kwa hiyo sasa sina jirani wala sina simu. Ahsante.

Karatasi ya fedha nayo nimezungusha. Nilipoona waya peke yake hautoshi nikalifunika sanduku zima, na ule mkia mweusi unaotoka juu yake nikaufunga vizuri kabisa, mpaka ukang'aa. Hali ikawa mbaya zaidi. Zamani jioni tundu lingeweza kufunguka mara moja likatulia. Sasa likimaliza nusu saa yake linafunguka tena.

Unauliza jioni kunatokea nini. Jioni hakuna kinachotokea. Jioni mimi navuta kigoda nakaa karibu na mashine, napumzika. Au kupumzika nako kunaingilia redio?

Mkupuo wa pili ni aibu. Nimetupa mayai mpaka mkono umeuma. Mwalimu amekuja, safari hii amesema. Amesema ananipa trei moja ya mwisho, kwa heshima ya miaka tuliyojuana, na isipototoa atapeleka mayai yake kwenye ile mashine kubwa ya kituo cha mifugo. Amesema kwa upole. Wengine walisimama nyuma yake wakitazama viatu. Akiondoka yeye, nitabaki na mashine na matofali.

Shangazi yako


8 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mdogo wangu anasema matone ya macho usiyaweke karibu na mashine yenye joto, yanaharibika, nimempa neno langu kwamba nitakuambia, nimekuambia.

Shangazi, ule mkia mweusi ni antena. Ndio mdomo na sikio la kile kidude. Niliandika uzungushie karatasi waya wa kipimajoto. Sikuandika sanduku, na sikuandika mkia. Ukiufunga mkia, kidude hakiusikii mnara vizuri, kinadhani mnara umehamia mbali, basi kikitakiwa kujibu kinajibu kwa nguvu zake zote. Yaani umemziba mtu mdomo kwa mkono, naye akaongeza sauti mpaka nyumba ya tatu. Toa karatasi hiyo leo. Tafadhali.

Sijalala juu ya jambo hili. Nimetengeneza mashine nyingine kama yako, bodi ileile, kidude kilekile, waya urefu uleule, nimeiweka kwenye kona ya meza yangu kazini na nimeiacha ikifanya kazi wiki nzima, jioni kwa asubuhi. Mwenzangu mmoja akawasha mashine ya kuchomelea pembeni yake. Haikudanganya hata mara moja. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye mashine, liko kwako.

Ningekuja mwenyewe. Bosi ameshasema hakuna ruhusa hadi mita zikaguliwe, na amelisema akiwa ananitazama mimi.

Usiweke mayai ya mwalimu kwanza. Nasubiri unieleze habari za jioni.

Kiwaya


21 Aprili

Kiwaya,

Karatasi nimetoa.

Umeandika kwamba tatizo liko kwangu. Baba yako naye aliona hivyohivyo. Angalau yeye alipaka rangi.

Mayai ya mwalimu yako chumbani kwangu, mahali pa baridi, na hayawezi kukaa milele. Nikiyaweka kwenye mashine yataoza, nisipoyaweka yataoza. Niambie lipi unalipendelea.

Shangazi yako


11 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe ile sentensi. Niliiandika nikiwa nimechoka, na niliipeleka posta bila kuisoma tena.

Nilikwenda nyumbani mwisho wa wiki iliyopita. Mama anatembea sasa mpaka sokoni. Wote wanakusalimu.

Nimelipata tatizo. Lilikuwa dogo, na nimejiona mjinga kupita kiasi. Nilifikiri kidude kinapaza sauti wakati kinatuma tu. Kumbe hata kikipigiwa simu lazima kiujibu mnara, kiseme nipo, naita, naita, na huo wote ni ukelele. Mimi niliagiza mashine isipime joto ikiwa inatuma. Sikuiagiza kitu ikiwa inapigiwa, kwa sababu sikudhani mtu atalipigia simu sanduku la mayai. Niliporudi kazini nikajaribu. Nikachukua simu yangu, nikapiga nambari ya ile mashine ya majaribio. Kabla sijasikia mlio wa pili, joto kwenye bodi lilipanda kama maji ya chai, hita ikazima, tundu likafunguka. Nikapiga tena, ikawa hivyo tena. Ile wiki nzima haikudanganya kwa sababu hakuna aliyekuwa na nambari yake.

Kwa hiyo kuna mtu alikuwa anaipiga ile laini yako, jioni, akipata nafasi. Hakujua. Nimemwambia aache, na ameacha.

Hata hivyo sikutaka kutegemea mtu kuacha, nimekutengenezea sanduku jipya. Antena iko nje, ina waya wake mnene, utaitundika juu ya dirisha mbali na mayai. Nyaya mbili za kipimajoto nimezisokota pamoja mwanzo hadi mwisho, ili kelele ikiingia kwenye huu iingie sawasawa na kwenye ule, zifutane. Juu yake kuna wavu wa shaba uliofungwa upande mmoja tu. Mlangoni mwa bodi nimeweka kichujio kidogo cha kuzima mabaki. Na mashine sasa haiamini pimo moja: ikiona joto limeruka ghafla inangoja, inapima tena, maana mayai hayawezi kupata moto kwa sekunde mbili. Wenzangu wote wa karakana wameipigia kutwa nzima, wengine wakiwa wanakula. Haikutikisika.

Nimelipeleka stendi leo. Mwombe mwalimu mayai mapya, yale ya zamani yasahau. Laini itoe kwenye sanduku la zamani uihamishie kwenye jipya.

Kiwaya


3 Juni

Kiwaya wangu,

Marahaba. Sanduku lilikaa stendi zaidi ya wiki kwa sababu uliliandikia "kifaa cha redio" na wale wa mizigo wakaogopa. Siku nyingine andika "sufuria".

Limefungwa. Fundi cherehani ndiye aliyenitundikia antena, maana mimi siruhusiwi ngazi na jicho hili. Alikuja mwenyewe, aliona nahangaika na kiti. Tumesalimiana. Mwalimu ameleta mayai mapya, trei moja, ameyapanga kwa mkono wake akayahesabu mbele yangu. Nimeyaweka. Jioni zinapita na tundu halifunguki, kipimajoto cha kioo na cha mashine vinakubaliana. Nimepungukiwa hata cha kulalamikia.

Ila nina swali, na nauliza kwa sababu ya kiufundi tu. Kwenye sanduku la zamani kulikuwa na taa nyekundu, ndogo, ubavuni. Jioni ilikuwa inakonyeza. Inakonyeza, inanyamaza. Baadaye inakonyeza tena, inanyamaza. Kisha tena, halafu basi mpaka kesho yake. Ilianza kunyamaza kabisa kabla hata sanduku jipya halijafika. Na hili jipya lina taa kama ile, nayo haijawaka hata siku moja. Imeungua?

Na huyo mtu uliyemwambia aache, alisemaje?

Shangazi yako


15 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo.

Nimeiweka barua yako chini, nimezunguka karakana, nimerudi, nimeisoma tena. Taa nyekundu inawaka mashine ikipigiwa simu. Niliiweka mimi kwa kazi hiyohiyo. Nimekuuliza tangu Machi jioni kunatokea nini. Nikaandika chochote. Nikaandika hata kitu kinachowaka, neno kwa neno, Shangazi, rudi uisome. Ukanijibu unapumzika. Umegombana na jirani, umeiziba mashine mdomo, umetupa trei mbili za mayai, na muda wote umekaa kwenye kigoda unatazama taa inakonyeza na hukuniambia. Miezi minne. Nilinunua vipuri, nikajenga mashine nzima ya pili kutafuta kitu ulichokuwa unakitazama kwa macho yako.

Mimi nadhani ulijua ni nani.

Basi nitakuambia na mimi nilichonyamazia, ingawa nilimwahidi mwenyewe. Nilipokwenda nyumbani ule mwezi wa tano nilimkuta Baba amekaa nje ya mlango na viatu vya kazini, simu sikioni, hasemi kitu. Akaishusha, akangoja, akapiga tena. Nikamuuliza unampigia nani. Akasema, "Shangazi yako. Inaita tu. Najua yupo, hataki kupokea." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu ile harusi. Kila nikitoka kazini. Mara tatu naacha, nisimchoshe." Shangazi, uliniambia umewaarifu watu wote. Wote ilikuwa wote isipokuwa mmoja.

Nilikasirika mno hata sikumhurumia. Nilimwambia, "Baba, hiyo nambari si ya mtu, ni ya mashine ya mayai, na kila ukipiga unaua vifaranga wa dada yako." Akasema, "Mimi ndiye niliyewaua?" Nikamwambia asiipige tena kabisa, na siku ikitokea imempigia yeye, ajue mashine imekosea, akate. Akasema sawa. Akaomba nisikuambie kwamba alikuwa anapiga. Simu akaiingiza mfukoni, tukaenda kula.

Alitaka kukuambia nini, sijui. Chumba cha nyuma nilipita, mlango ulikuwa wazi. Mengine ataongea mwenyewe.

Na taa haijaungua.

Kiwaya


6 Julai

Kiwaya wangu,

Marahaba. Nilitaka nikuandikie mapema lakini nilikuwa na wageni wa manjano kila kona.

Wametoka. Trei nzima imebakiza mayai machache, na hayo mwalimu mwenyewe amesema hayakuwa na mbegu, kosa ni la jogoo wake. Walianza kutoboa alfajiri, hadi mchana chumba kizima kilikuwa kinalia. Vitovu vimefunga, miguu imara. Mwalimu alikuja na boksi la viatu, ameshajifunza kunidharau, ikabidi arudi nyumbani kufuata jingine. Alipofika mlangoni akaniuliza kwa sauti, kuna watu nje, kwamba zamu yake ijayo ni lini. Tangu siku hiyo nimepokea mayai ya watu wanne, na wawili kati yao walishanikimbia. Sihami. Mwambie mtu yeyote atakayeuliza.

Sasa tusikilizane kuhusu taa. Umenifokea, sawa, umefoka vizuri, mpaka fundi cherehani nilipomsomea kipande kile cha kigoda alicheka akashindwa kutia uzi. Lakini usiniulize kwa nini sikukuambia. Ningekuambia, ungeiziba. Ndivyo ulivyo, ukiona kitu kinaingilia unakiziba, ndiyo kazi yako na unaiweza. Sikujua kwamba ndiyo inayoua mayai, hilo naapa. Nilijua ni nani, hilo sikatai. Nilikuwa na hasira naye, bado ninayo, lakini jioni nilikuwa napenda kuiona ikiwaka. Siku ilipochelewa kuwaka, nilichelewa kupika.

Kwa hiyo majuzi nimefanya ulichoniambia tangu mwanzo. Nimekwenda dukani, nimeinunulia mashine laini yake. Fundi cherehani ameibadilisha. Laini yangu nimeirudisha kwenye simu yangu, ile ya vitufe, nikaichaji, nikaiweka mezani. Nikangoja saa yake ya kutoka kazini. Kimya. Kesho yake kimya. Mtu uliyemkataza ametii, ametii kuliko alivyowahi kumtii mama yetu.

Jana nikaona upuuzi. Nikavaa miwani, nikampigia mimi. Ikaita mara moja, ikakatwa. Nikadhani kidole chake kimeteleza. Nikapiga tena, ikakatwa. Nikangoja kidogo, nikapiga mara ya tatu. Akakata haraka zaidi, nikamwona kabisa anavyoruka kwenye kiti, anaogopa kuua vifaranga.

Nimekaa na simu mkononi, Kiwaya, na mayai ya watu wanne yakiwa kwenye mashine, na nimejua sasa inavyokuwa kupiga na kukosa. Sipendi.

Usimwandikie. Barua inakwenda polepole. Ukipata hii tu, kabla hujavua viatu, mpigie baba yako. Mwambie nambari ile ina mtu.

Shangazi yako